Yatokanayo na Mvua

Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu
katika chama cha kahawa, Mbale, chumba kilicho juu ya ghala.
Miaka sita nimeandika "ilikubaliwa"
mahali ambapo watu walinyamaza tu.

Jumatatu zetu ni hivi: Meneja Khaukha anauliza swali
na kulijibu kabla halijatua mezani.
Wepukhulu wa mauzo analijibu lile jibu.
Bi Amongin, mhasibu, anakohoa,
kikohozi chake kinahesabiwa kura ya ndiyo.
Nandudu wa mizani hukaa karibu na mlango,
vumbi la maganda kwenye nyusi.
Hufungua mdomo kama mtu anayetaka kuvuka barabara ya Tororo:
anatazama kulia, kushoto, tena kulia,
magari hayaishi,
anarudi nyuma.

Siku ile ajenda ilikuwa moja.
Magunia arobaini yamerudishwa kutoka Kampala,
yana unyevu, yananuka kuvu.
*Nani mzembe?* lilikuwa swali lililokwisha kuvaa viatu.

Ndipo mvua ikashuka kutoka Wanale,
wala si mvua ya kubisha hodi.
Ilipiga mabati kana kwamba mtu amemwaga gunia la buni kavu,
kisha la pili, kisha ghala zima.
Khaukha akapaza sauti. Tukaona meno.
Wepukhulu akasimama. Tukaona koo.
Umeme nao ukaondoka kimyakimya, kama mjumbe mwenye udhuru.

Tulitazamana
kama watu waliokutana leo.

Kisha meneja, mtu asiyependa saa ilale bure,
akachana daftari langu (langu mimi!),
akagawa karatasi, akaandika ubaoni kwa chaki:
KWA NINI UNYEVU?
Hakuandika NANI, ingawa ndilo neno fupi zaidi.
Mpaka leo sijamuuliza.

Basi tukaandika.
Bi Amongin mistari miwili, akaifuta, akaandika mitano.
Wepukhulu, aliyezoea kufikiri kwa mdomo,
alikaa na karatasi tupu muda mrefu,
na usoni pake nikaona jambo ambalo sijawahi kuliandika:
alikuwa hajui.
Kule kutojua kulimkaa vizuri, kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake.

Mvua ilipopungua ikawa mnong'ono
Khaukha akasoma karatasi zote, bila majina.
Ya nne ilikuwa na alama ya kidole chenye vumbi:

"Unyevu tunaupima kwenye gunia la juu.
Magunia ya chini yanalala kwenye saruji.
Mbao za kuyainua zilichukuliwa mwaka jana
zikatengenezewa benchi za mikutano.
Ndizo tulizokalia."

Hakuna aliyecheka upesi.
Mmoja mmoja tuliinama
kutazama tulichokuwa tumekikalia:
misumari, alama za kamba,
na kwenye ubao mmoja, kwa wino wa buluu, GHALA B.
Nandudu alikuwa anatazama dirisha.

Sitasema tulibadilika. Jumatatu iliyofuata jua liliwaka
na Wepukhulu alianza kabla ya sala ya kufungua.
Meneja akanyoosha kidole tu, akaonyesha bati.
Wiki nyingine husahau kunyoosha,
na wiki nyingine kidole ni cha Bi Amongin.
Benchi zimerudi chini, tumekalia viti vya kuazima,
na wakati mwingine kutoka mlangoni
sauti huvuka barabara yote, bila kukimbia.

Kwenye daftari, kati ya Kufungua Mkutano na Yatokanayo,
siku hizi naacha nusu ukurasa mweupe.
Mkaguzi alipokuja aliugonga kwa kalamu:
"Hapa mlisahau kuandika nini?"
Nikamwambia, hapo ilinyesha.
Akaitazama tarehe.
Ilikuwa Januari.